Mwaka wa Mbwa Mwitu Nyumbani kwa Mama Hansa

Mwili wa Mama Hansa ulichomwa Jumanne asubuhi, kwa desturi ya dini yao, na baadaye sisi waombolezaji tulikwenda kula katika ukumbi mmoja wa Harrow, pembeni mwa London. Watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu. Walisema alikuwa mwalimu wa hesabu asiyevumilia uvivu, jirani mwema, na kwamba sauti yake katika kikundi cha akina mama wa nyimbo za ibada haitasahaulika. Nilingoja mtu ataje mbwa mwitu. Hakuna aliyewataja. Binti yake, Bhavna, alinitambulisha kwa jamaa zake kuwa mpangaji wao wa zamani, na mzee mmoja mwenye mkongojo akanikazia macho, kisha akatabasamu. "Wewe ndiye yule msichana wa Hansa, wa mambo ya mbwa mwitu?" aliniuliza kwa Kiswahili kilichonionyesha mara moja kwamba alikulia Kisumu. Nikamwambia ndiye. "Yule mama alikuwa na wazimu kidogo," akasema, na hakusema kwa ubaya. Kwenye treni ya kurudi nyumbani nilijaribu kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa amesema tu kile ambacho mtaa mzima ulisema wakati ule, na ambacho hata mimi nilisema siku za mwanzo. Lakini mimi niliishi ndani ya wazimu ule karibu mwaka mzima, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna mwaka mwingine ulionigeuza kama ule.

Nilifika kwake mwanzo wa baridi, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nikitafuta chumba kisicho mbali na stesheni. Nilichopewa ni kile kidogo kilicho juu ya mlango wa mbele, ambacho katika nyumba za Rayners Lane huwa ni cha mtoto wa mwisho au cha masanduku. Kitanda kiligusa ukuta pande tatu. Asubuhi niliamshwa na treni, halafu na harufu ya haradali ikipasuka kwenye mafuta, halafu na sauti ya Mama Hansa akiniita kutoka chini: "Wakesho! Wewe kula kwanza, bas, halafu kwenda." Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru, cha nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, na kilikuwa kimesimama palepale kilipofikia siku alipoondoka Kenya akiwa msichana. Hakikukua tena. Alikuwa na umri wa kunizaa lakini akisema Kiswahili alikuwa na miaka kumi na minane, na nadhani ndiyo sababu alipenda kuongea nami. Mumewe, Bwana Jayanti, mfamasia mstaafu, alizungumza nami Kiingereza tu, na kidogo tu, akiwa nyuma ya gazeti.

Siku ya kwanza nilipopita mlango wa sebule niliona kuwa ukuta mzima wa upande wa dirisha umefunikwa na ramani ya nchi nisiyoijua, yenye mito mingi na milima, na pini nyekundu zimechomwa huku na huku. Meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa bahasha. Nikamuuliza Mama Hansa ni nchi gani ile. "Hii ni Amerika, lakini juu kabisa, kwenye barafu," akasema. "Hapa kuna mbwa mwitu. Watu wanaua yeye na ndege." Nilidhani nimesikia vibaya. Nikauliza ndege gani hao wanaoweza kumuua mbwa mwitu, tai? Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akaniketisha, akanieleza. Serikali ya jimbo lile iliwapa watu vibali vya kupanda ndege ndogo wakati wa theluji na kuwafuata mbwa mwitu kwa nyayo zao, ili wabaki kulungu wengi zaidi wa kuwindwa na watu. Mnyama anakimbizwa kutoka juu mpaka miguu inamwishia, mahali peupe pasipo na mti, ndipo anapigwa risasi. Na majira ya kuchipua yakifika, ikijulikana mahali mama alipozalia, wanashuka kuwamaliza na watoto shimoni, ili wasikue. Yeye aliyajua haya kwa kuwa alipostaafu alikwenda kule na mumewe kwa meli ya watalii, na katika mji mmoja mdogo meli ilipotia nanga, mama mmoja aitwaye Ruth alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa kanisa akiwaeleza watalii mambo hayo, nao wakimpita kwenda kununua vinyago. Mama Hansa peke yake ndiye aliyesimama. Meli ilipiga honi, Bwana Jayanti akamvuta mkono, yeye bado anauliza maswali.

Sasa ilikuwa zamu yangu kucheka. Huyu huyu mbwa mwitu mla mbuzi? Kwetu Taita, chini kule tambarare, mbwa mwitu ni yule mwenye madoa anayekuja kwa kundi alfajiri na kuacha zizi limejaa damu. Nyanya yangu alipoteza mbuzi wake kwa mbwa mwitu, na wanaume walipotega nyama yenye sumu wakawapata, sisi watoto tulikwenda kuwatazama tukifurahi. "Yule wa kwenu ni mwingine," Mama Hansa akasema. "Huyu hapana madoa." Nikamwambia jina ni moja. Akafikiri. "Basi kama jina moja," akasema, "na yule wa kwenu pia mlifanya vibaya." Nilipompigia mama yangu simu Jumapili ile, nikamweleza nyumba niliyopata ni ya watu wanaotetea mbwa mwitu, aliniuliza tu kama wananipa chakula cha kutosha.

Walinipa. Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza meza ya jikoni, maana ile ya sebuleni ilikuwa imetekwa na bahasha: mhogo wa kukaanga uliomwagiwa ndimu na pilipili, dengu, chapati zenye majani ya uwatu, chai ya tangawizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu. Na katikati ya sahani, simu. Karibu kila juma, wakati wa chakula cha jioni, Ruth alipiga, maana kule kwake ndipo kulikuwa kumekucha, naye Mama Hansa aliiweka kwenye kipaza sauti ili aendelee kusukuma chapati. Ruth aliwahi kuwa mwalimu kama yeye. Aliishi peke yake katika nyumba ya magogo juu ya bonde, na kazi aliyojipa ilikuwa kuangalia kundi moja la mbwa mwitu kwa darubini. Sauti yake ilikuwa kavu na ya polepole. Alisimulia nani amelala wapi, nani amemnyang'anya nani mfupa, yule jike mwenye mguu wa mbele mweupe ameanza kuchimba wapi. Mimi nilipewa kazi ya kuyaandika na kuyachapa kwenye kompyuta, ili yatumwe kwa magazeti na kwa wabunge, ambao wengi hawakujibu. Niliingia katika jambo lile hivyo, kama mtu anayeingia katika mazungumzo ya jirani kwa sababu ukuta ni mwembamba. Siwezi kusema ni jioni gani niliacha kucheka. Najua kwamba kabla ya Krismasi nilikuwa nikitoka darasani na kuharakisha nyumbani nisikie kama yule mwenye mguu mweupe yuko salama.

Bwana Jayanti hakuharakisha. Mara nyingi nilimsikia kupitia sakafu ya chumba changu akimlalamikia mkewe kwa Kigujarati, na kwa kuwa lugha yao ilikuwa imechukua maneno yetu mengi, nilishika kidogo: sebule, wageni, kelele, bas. Siku moja alinigeukia mezani akaniambia kwa Kiingereza kwamba watu, Wahindi wenzao, waliwahi kufukuzwa Afrika Mashariki na mabegi mawili mawili, akiwamo binamu yake, na Hansa hakuandika hata barua moja. Mama Hansa alisikia. Aligeuza chapati, ikafura, akaitoa.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu mjini, Da Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyenizidi miaka kama kumi. Alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani na aliishi Thamesmead, upande wa pili kabisa wa London, kwenye ghorofa ambako karibu kila mlango ulinukia mafuta ya mawese. Tulikutana kanisani. Nilipomweleza ninachokifanya jioni aliweka pasi chini, akanitazama kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Wakesho, kwetu watu wanakufa kila siku, hakuna hata mutu moja anaandika, na ninyi munalia juu ya mbwa?" Nilimwambia aje aone mwenyewe. Nilitaka, nadhani, ashindane na Mama Hansa mbele yangu, nijue nani ana haki.

Alikuja Jumapili moja ya theluji chafu, amevaa kitenge chini ya koti zito, na Mama Hansa alimpenda papo hapo kwa sababu alikula mhogo na kuomba tena. Walicheka juu ya Kiswahili cha kila mmoja. Kisha simu ikalia. Ruth hakusalimu. Alisema ndege ilikuja jana yake, na sote tukaacha kula. Alisema kundi lilikuwa limelala ukingoni mwa msitu, na walipoisikia walikimbilia kwenye miti, lakini rubani aliwajua. Alishuka chini kabisa upande wa miti, akawarudisha, akawasukuma hadi kwenye ziwa lililoganda. Huko hakuna pa kujificha. Dume kubwa lilibaki nyuma, likisimama, likikimbia tena, likisimama, kila mara likigeuka kuitazama ndege. "Nilikuwa nikimwomba alale," Ruth akasema. "Sijui kwa nini. Nilidhani akilala watamwacha." Mama Hansa alikuwa na unga mikononi, amesimama tu. Da Furaha aliinuka, akakusanya sahani zote, hata zenye chakula, akaenda kuzioshea kwenye sinki huku bomba limefunguliwa mpaka mwisho, hata hatukumsikia Ruth tena vizuri. Mama Hansa alidhani amemwudhi mgeni. Alimfuata akamgusa bega, akamwambia, "Mama, samahani, hii si mazungumzo ya chakula." Da Furaha alitikisa kichwa tu na kuendelea kuosha.

Nilimsindikiza stesheni. Tulisimama jukwaani, pumzi zikitoka kama moshi, na treni mbili za upande wetu zikapita bila yeye kupanda. "Tulikuwa kwa barabara," akasema hatimaye, "watu wengi, na mizigo, na watoto. Helikopta ikakuya. Wenye akili waliingia kwa migomba. Kaka yangu hakuingia, sababu alikuwa amebeba mama, na mama alikuwa muzito, basi akakimbia na barabara. Alikuwa anageuka kuangalia juu. Kila mara anageuka." Nilimshika mkono, akauondoa polepole. "Usinilinganishe na mbwa, Wakesho. Sisemi ni sawa. Watu si nyama. Miye nasema tu, ile kukimbia ninaijua." Akapanda treni iliyofuata. Nilikuwa nimetaka kujua nani ana haki, na nilirudi nyumbani kwenye theluji ile nikiona aibu kwamba niliwahi kuliweka hivyo.

Mwisho wa baridi ulileta tumaini, na hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo silisamehe. Watu wetu wa Jumamosi, wale waliokuja kila juma kutusaidia kuandika barua na ambao hawakuzidi kujaza sebule, walikuwa wamegundua kuwa magavana na wabunge hawasikii lakini wafanyabiashara husikia. Kampuni iliyompeleka Mama Hansa kule kwa meli ilikuwa na makao yake katikati ya London, na ilipeleka huko maelfu ya watalii kila kiangazi. Kama kampuni ile ingesimamisha safari, au hata kutishia tu, jimbo lile lingeogopa. Basi tulisimama nje ya jengo lao saa za chakula cha mchana, na mabango yetu yaliyolowa, wafanyakazi wakitupita na vikombe vya kahawa. Siku moja nikamwona Da Furaha akivuka barabara, sare ya kazi ikionekana chini ya koti. Alichukua bango kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, akasimama nalo mpaka muda wa zamu yake ukafika. Hakulisoma hata limeandikwa nini. Mama Hansa alimpa chai kutoka kwenye chupa, naye akainywa akiwa ameshika bango kwa mkono mmoja.

Sijui kama ni mvua, au aibu, au mwandishi mmoja wa gazeti la mtaa aliyekuja kupiga picha, lakini mkurugenzi alikubali kutuona. Tulikwenda wawili, Mama Hansa katika sari yake ya hariri ya harusi za watu, na mimi katika koti nililoazima. Alikuwa mtu mpole. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali na upole wake ulinivuruga. Alimsikiliza Mama Hansa mpaka mwisho, akauliza majina ya mito, akasema ana mbwa wawili na kwamba binti yake atalia akisikia haya. Aliahidi kulipeleka jambo letu kwenye kikao cha wakuu wa kampuni, kiangazi. Mama Hansa akasema kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba kiangazi ni kuchelewa; jike ameshachimba shimo, watoto watazaliwa wakati wowote. Mkurugenzi akasema atajaribu kabla ya hapo. Atajaribu kwa moyo wote. Akatushika mikono yote miwili, kila mmoja wetu.

Jioni ile nyumba ya Rayners Lane ilikuwa kama ya sikukuu. Mama Hansa alikaanga vitu vya kulisha kijiji. Bwana Jayanti alitoka nyuma ya gazeti lake na kuuliza mkurugenzi alivaaje, na alipoambiwa akasema mtu wa suti kama ile huwa hasemi ovyo. Majuma machache baadaye Ruth alipiga simu, na ile sauti yake kavu ilikuwa imelegea: watoto wametoka shimoni. Wana rangi ya udongo, matumbo kama vibuyu. Wanaanguka kwenye mteremko na kupanda tena. Mmoja amempanda mama yake mgongoni na kulala huko. Mama Hansa alimtaka arudie kila kitu, polepole, naye akamtafsiria mumewe kwa Kigujarati, ingawa mumewe alielewa Kiingereza kuliko sisi sote, na yule mzee akasikiliza mara mbili. Nililala nikiwa nimesadiki. Nilikuwa kijana, na nilikuwa sijawahi kuona jambo la haki likielezwa vizuri namna ile mbele ya mtu mwenye uwezo likakataliwa.

Halikukataliwa. Halikufikiwa tu. Tulipiga simu ofisini kwa mkurugenzi na katibu wake, binti mwenye sauti tamu, akasema bado halijawekwa kwenye ajenda. Tulipiga tena, bado. Halafu Ruth akapiga, mchana, wakati ambao hakuwahi kupiga, kwa maana kule kwake ilikuwa bado usiku. Nilikuwa peke yangu jikoni na Mama Hansa. Nilikuwa nimesalia nyumbani kujisomea mtihani. Alibonyeza kipaza sauti kwa kidole chenye manjano.

Ruth alisema yule jike mwenye mguu mweupe alipigwa kutoka angani siku chache nyuma, akiwa anarudi na nyama, na yeye hakutuambia kwa kuwa alitumaini wale waliobaki kundini watawalisha watoto. Jana ikaja helikopta. Ilitua ng'ambo ya mto, juu ya kilima chenye shimo. Alitaka kuvuka lakini barafu ya mto ilikuwa imeshaanza kupasuka, haibebi mtu. Akabaki upande wake na darubini. "Walikuwa watu wa kawaida," akasema. "Walivaa glavu." Mama Hansa akauliza kama walilazimika kuchimba. Tukasikia jiko la kuni la Ruth likilia nyuma yake, ndipo akajibu. "Hapana, Hansa. Watoto walitoka wenyewe. Walikuwa na njaa. Waliposikia miguu ya watu walidhani wameletewa chakula, wakatoka mbio kuwapokea." Kisha akasema kwamba bonde lile ni pana, sauti huchelewa kufika, kwa hiyo kila mara aliona kwanza, halafu ndipo akasikia.

Niliyaandika maneno yale kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu, nikayachapa, yakatumwa kwa magazeti. Gazeti la mtaa liliweka mistari michache chini ya habari ya maegesho ya magari. Mama Hansa alivaa ile sari tena akaenda peke yake kwenye jengo la kampuni, na mkurugenzi alishuka ngazi kuja kumpa pole mapokezini. Alisema amesikitika sana. Alisema sasa kwa kuwa limeshatokea, labda si busara tena kulipeleka kikaoni. Alipokuwa akingoja mapokezini Mama Hansa alikuwa ameokota kijitabu kipya cha safari za kiangazi, na kwenye jalada lake kulikuwa na picha ya mtoto wa mbwa mwitu, rangi ya udongo, akichungulia kutoka shimoni. Alirudi nyumbani nacho, akakiweka mezani mbele ya mumewe, akaingia sebuleni, akafunga mlango.

Hakutoka siku ile wala kesho yake, isipokuwa kwenda msalani. Nilimwekea chai mlangoni nikaikuta imepoa. Siku ya pili niliporudi darasani nilikuta jikoni kumejaa moshi, na Bwana Jayanti amesimama mbele ya jiko akiwa amevaa aproni ya mkewe, akikoroga mchele na dengu vilivyoungua chini. Maisha yake yote hakuwahi kupika. Aliniambia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili, "Yeye lazima kula." Akapakua kwenye sahani mbili, akabisha mlango wa sebule kwa kiwiko, akaingia. Niliketi ngazini nikiwasikiliza. Kwa muda mrefu ilikuwa ni vijiko tu. Halafu nikamsikia Mama Hansa akisema kitu kwa Kigujarati, akilia, akirudia neno moja la Kiswahili: njaa, njaa. Bwana Jayanti hakumwambia anyamaze. Alisema tu, kila aliporudia, "Haa, Hansa. Haa." Ndiyo, Hansa. Ndiyo.

Watu wa Jumamosi walipungua. Hakuna aliyegombana na mtu. Mmoja alikuwa na mjukuu, mwingine alikuwa na goti. Mwishoni mwa kiangazi Bwana Jayanti aliniomba nimshikie ngazi akabandua ramani ukutani, na ukuta ulikuwa umejaa matundu madogo ya pini ambayo aliyaziba kwa dawa ya meno. Mama Hansa alitazama kutoka mlangoni, hakuzuia. Simu ya Ruth ilikuwa ikilia mara chache, na mazungumzo yakawa ya magoti na hali ya hewa. Mimi nilihamia Thamesmead kwa Da Furaha, karibu na hospitali nilikopangiwa mafunzo. Usiku wa kwanza nilimsimulia yote, hadi jinsi watoto walivyotoka mbio. Alikuwa akinisuka. Mikono yake ilisimama kichwani pangu. "Na wa kwetu pia walikuwa wanatoka," akasema, kisha akaendelea kusuka, na hatukuzungumza tena juu ya jambo lile, mpaka aliporudi Bukavu kumzika baba yake na kubaki huko.

Nimekuwa muuguzi tangu wakati ule, miaka mingi katika wodi za watu wasiopona. Wenzangu wachanga huniuliza ninawezaje. Huwaambia ni mazoea, kwa kuwa jibu la kweli ni refu. Nilijifunza mapema, jikoni kwa watu, kwamba unaweza kufanya yote yaliyo mikononi mwako, ukayafanya vizuri, na isisaidie kitu. Sisemi hilo ni faraja. Wengine hulipamba wakasema cha muhimu ni kujaribu, nami nikiwasikia husikia wale watoto wakishuka mteremko.

Jumatano, siku iliyofuata mazishi, nilimpigia Ruth kwa namba iliyokuwa bado katika daftari langu la zamani. Bhavna hakuwa na namba yake wala hakumkumbuka. Simu ililia mpaka nikakaribia kukata, kisha ikaja ile sauti, nyembamba sasa, ya mtu aliyefika miaka tisini. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwambia Hansa amefariki. Akasema, "Ah." Baadaye akauliza kama aliumwa, nikasema si sana, usingizini. Nilimwuliza kuhusu bonde. Akasema macho yameisha, darubini haimsaidii tena, mwanawe anakuja mwezi ujao kumchukua akaishi naye mjini, nyumba imeshapata mnunuzi, mtu wa kuwinda. Sikutaka kuuliza lakini niliuliza: bado wanarusha ndege? Akasema msimu huu zilianza mapema. Haoni, lakini anazisikia, na kwa mlio anajua zimeshuka chini kiasi gani.

"Na mbwa mwitu, bado wapo?"

"Kuna mmoja," akasema Ruth. "Hulia jioni. Zamani akilia mmoja walimjibu wengine, mpaka milima yote ikajaa. Huyu analia, halafu ananyamaza kidogo kusikiliza, halafu anaanza tena."

Tulikaa kwenye simu, mimi Thamesmead, yeye kule. Baada ya muda alisema anasikia baridi, anataka kwenda kufunga dirisha.